Kujua Kilichotendwa: Ubuddha na Fadhila za Watu Waliotufanya Tulivyo

Kila usiku kabla ya kulala, Sariputta alikuwa akiunganisha viganja vyake, anainama kuelekea upande mmoja wa dunia, kisha analala kichwa kikiwa kimeelekea upande huohuo. Leo mashariki, siku nyingine kaskazini. Watawa wenzake wakaanza kunong'ona. Huyu ndiye aliyesifiwa kuliko wanafunzi wote wa Buddha kwa hekima, mbona bado anaabudu pande za dunia? Shtaka likafika kwa Buddha. Kwa mujibu wa masimulizi ya kale, jibu lilikuwa fupi: Sariputta haabudu pande, anamsalimu mwalimu wake.

Mwalimu huyo aliitwa Assaji. Kokote Sariputta alikosikia kwamba Assaji anaishi, huko ndiko alikoelekeza kichwa. Na ukiuliza Assaji alimfundisha nini hasa, utashangaa. Walikutana mjini Rajagaha, kaskazini mwa India, asubuhi Assaji akizunguka na bakuli lake la kupokea chakula. Sariputta alivutiwa na utulivu wake, akamfuata, akamwomba amfundishe. Assaji akatanguliza udhuru: yeye bado mgeni katika mafundisho, hawezi kueleza kwa urefu. Akamwambia ubeti mmoja tu. Kwa ubeti huo maisha ya Sariputta yaligeuka, na hakuusahau mdomo uliousema mpaka alipokufa.

Kisa hiki kimenikaa moyoni kwa sababu kinaonyesha shukrani ya namna ambayo wengi wetu hatujaizoea. Tunaijua shukrani ya mdomoni, na tunaijua ile ya moyoni, joto linalokuja na kuondoka. Ya Sariputta ilikuwa desturi ya mwili, na ilihitaji ujuzi. Ilimbidi ajue kila mara Assaji yuko wapi.

Katika Kipali, lugha iliyohifadhi maandiko ya kale ya Ubuddha wa Theravada, mtu mwenye shukrani huitwa katanyu. Kata ni kilichotendwa, na nyu ni ajuaye. Mwenye shukrani, basi, ni ajuaye kilichotendwa. Hisia haimo katika neno hilo. Nadhani msomaji wa Kiswahili yuko karibu na maana hii kuliko wasomaji wa lugha nyingi, kwa sababu nasi mtu asiye na shukrani tunamwambia hajui fadhila. Hatusemi hahisi fadhila. Lugha yetu pia inalichukulia kosa lake kuwa ni la kutojua, la kupita mbele ya jambo bila kuliona.

Neno hilo halitembei peke yake. Karibu kila mara maandiko hulifuatisha na lingine, katavedi, yaani mwenye kudhihirisha kwamba anajua. Kwanza ujue, kisha ujuzi wako uonekane kwa neno, kwa tendo, au kwa namna unavyolala usiku. Katika hotuba moja fupi Buddha anasema kuna watu wawili ambao ni adimu duniani: anayetangulia kutenda wema, na anayejua alichotendewa na kukidhihirisha. Huyo wa kwanza sisi tuna msemo wake, tenda wema nenda zako. Lakini hakuna mahali tunapoambiwa pokea wema nenda zako. Aliyetenda ana ruhusa ya kusahau. Aliyepokea hana.

Hili la ujuzi kutangulia hisia linaondoa mzigo mmoja mkubwa. Watu wengi hujaribu kuwa na shukrani kwa kujilazimisha wahisi kitu, na hisia isipokuja hujiona wabaya au huona zoezi lenyewe ni unafiki. Njia hii haikudai hisia. Inakuuliza tu: ni nini kilitendwa, na nani, lini, kwa gharama gani kwake? Hayo yana majibu hata siku ambayo moyo umekauka.

Kuondoka na kushukuru

Fundo la kwanza ambalo watu hukutana nalo ni hili. Ubuddha unafundisha kuachilia, na Buddha mwenyewe aliacha nyumba, baba, mke na mtoto mchanga. Iweje mtu aliyeondoka hivyo awe mwalimu wa shukrani? Je, kuwakumbuka watu si kung'ang'ania?

Jibu ninaliona katika siku za kwanza baada ya kuamka kwake, yaani kuufikia ukweli aliokuwa akiutafuta, chini ya mti wa Bodhi. Kabla ya hapo alikuwa na walimu wawili, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta. Wote walimfundisha kwa moyo mweupe, na kila mmoja alipoona kijana huyu amefika alikofika mwalimu, hakumwonea wivu: Alara alimtaka waongoze kundi pamoja, naye Uddaka alimtaka aliongoze yeye. Yeye akakataa. Alipima mafundisho yao, akaona hayafiki mwisho wa mateso, akaaga. Lakini alipoamka na kujiuliza nani afundishwe kwanza, jina la kwanza lililomjia ni Alara, na la pili ni Uddaka. Alikuwa amechelewa. Alara alikuwa amefariki siku 7 kabla, na Uddaka usiku uliotangulia.

Ndipo akawakumbuka wale watawa watano waliomhudumia wakati akijitesa kwa njaa. Hawa ni wale waliomwacha kwa dharau siku alipoamua kula tena, wakidhani amerudia anasa. Maandiko hayasemi kwamba alikumbuka dharau hiyo. Yanasema aliwaza: watu hawa watano walinisaidia sana. Akatembea mpaka Isipatana, karibu na Varanasi, akawafundisha. Mmoja wa watano hao ni Assaji.

Assaji aliyempa Sariputta ubeti mmoja pale Rajagaha alikuwa amefikiwa na mafundisho kwa sababu kuna mtu aliyekumbuka alivyohudumiwa. Na kamba haikukatika kwa Sariputta. Baadaye mzee mmoja maskini aitwaye Radha alitaka kuingia utawa, na watawa wakasitasita kumpokea. Buddha akauliza kama yuko yeyote anayekumbuka tendo lolote jema la mzee huyu. Sariputta akajibu kwamba siku moja, akizunguka na bakuli lake mjini, Radha alimpa upawa mmoja wa chakula. Upawa mmoja, basi. Radha akapokelewa, Sariputta akiwa mlezi wake, naye akaja kufika mbali katika njia hiyo.

Kwa hiyo kung'ang'ania na kujua fadhila si kitu kimoja. Kung'ang'ania kunasema: usiondoke, au nisiondoke, na mambo yabaki yalivyokuwa. Kujua fadhila kunaweza kuaga, kunaweza kukataa mafundisho ya mwalimu, na bado kukaandika jina lake mahali pa juu. Nimeona watu wengi waliokwama hapa, hasa waliobadili imani, kazi au njia ya maisha. Wanadhani kumshukuru yule wa zamani ni kukiri kwamba alikuwa sahihi katika yote, basi wanafuta kila kitu. Alara hakuwa sahihi katika yote.

Je, ni deni?

Fundo la pili ni gumu zaidi, na mimi mwenyewe limenichukua muda. Kuna hotuba maarufu ambamo Buddha anasema kuna watu wawili ambao si rahisi kuwalipa, mama na baba. Hata ungembeba mama bega moja na baba bega la pili, ukaishi miaka 100 ukiwabeba hivyo, ukawapaka mafuta, ukawakanda, ukawaogesha, nao wakajisaidia hapohapo mabegani mwako, bado hujawalipa. Hata ungewatawaza kuwa wafalme wa dunia yote, bado. Sababu inayotolewa ni kwamba walikuleta, wakakulisha, wakakuonyesha ulimwengu huu.

Maneno haya yana nguvu, na kila chenye nguvu kinaweza kugeuzwa fimbo. Wapo wazazi wanaoyatumia mafundisho kama haya kumfunga mtoto: huwezi kunilipa, kwa hiyo huwezi kunikatalia. Nasema waziwazi kwamba huko ni kuyasoma kinyume. Hotuba inasemwa na mtu wa tatu, inaelekezwa kwa aliyepokea. Haijawekwa mdomoni mwa mzazi hata mara moja. Fadhila inayodaiwa na mwenye kuitoa imeshageuka kuwa mkopo.

Tena hotuba haiishii mabegani. Inaendelea kusema lipo linalotosha: mtoto anayewasaidia wazazi wasio na imani wapate imani, wasio na maadili wasimame katika maadili, wachoyo wawe wakarimu, wasio na hekima wapate hekima. Huyo amelipa, na zaidi ya kulipa. Malipo yanapimwa kwa kumsogeza mtu mbele kuelekea wema, na hilo wakati mwingine ni kinyume kabisa cha kumpa anachotaka. Mtoto anayekataa kumsaidia baba yake kudhulumu huenda ndiye anayelipa.

Mahapajapati Gotami anaonyesha jambo lingine. Maya, mama mzazi wa Buddha, alifariki siku 7 baada ya kujifungua, na Mahapajapati, dada wa Maya, ndiye aliyemnyonyesha na kumlea. Miaka mingi baadaye alikuja kwa Buddha na nguo aliyoisokota na kuifuma mwenyewe, akamwomba aipokee. Ananda, mhudumu wa Buddha, alimtetea: mama huyu alikusaidia sana, alikunyonyesha mamako alipofariki. Lakini Ananda hakuishia hapo. Akaongeza: nawe umemsaidia sana, kwa kuwa kwa sababu yako ameingia katika njia. Buddha akakubaliana naye, akaeleza kwamba mtu aliyekuingiza katika njia si rahisi kumlipa kwa heshima na zawadi. Mama ana fadhila kwa mwana, na mwana ana fadhila kwa mama, na hakuna anayekaa kupiga hesabu ifike sifuri. Deni la fedha hufa linapolipwa. Hili la fadhila huongeza mizizi kila linapolipwa.

Kwa mtazamo huo ndipo nayaelewa maneno ya Buddha kwa kijana Sigala. Alimkuta asubuhi na mapema nje ya Rajagaha, nguo na nywele zinachuruzika maji, akisujudia pande sita: mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu. Baba yake alimwusia hivyo kabla ya kufa, naye akaendelea bila kujua maana. Buddha hakumdhihaki. Alizijaza pande hizo na watu. Mashariki ni wazazi, kusini walimu, magharibi mke na watoto, kaskazini marafiki, chini wafanyakazi, juu watawa na walimu wa kiroho. Na kila upande una wajibu wa kwenda na wa kurudi. Mwanafunzi amsikilize na kumhudumia mwalimu, lakini naye mwalimu afundishe vizuri, ahakikishe ameeleweka, asifiche kitu katika fani yake, amtaje mwanafunzi kwa wema mbele ya marafiki.

Ninaupenda zaidi upande wa chini. Anayeajiri anaambiwa agawe kazi kwa kadiri ya nguvu za mtu, atoe chakula na ujira, amwuguze mfanyakazi akiwa mgonjwa, agawane naye vitu vitamu visivyopatikana kila siku, na ampe mapumziko kwa wakati wake. Katika orodha ya watu waliotujenga, ni wangapi kati yetu wanaomkumbuka aliyefua nguo za shule? Sigala aliambiwa asujudie hata huko chini.

Nani anamshukuru nani?

Wasomaji wenye kupenda falsafa huuliza: kama Ubuddha unafundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu, basi hakuna wa kushukuru wala wa kushukuriwa. Swali linasikika kali, ila linajijibu lenyewe ukilifuata. Fundisho la kutokuwa na nafsi halisemi hakuna watu. Linasema hakuna "mimi" aliyejitengeneza na kusimama peke yake nje ya sababu. Lugha ninayoandika niliwekewa kinywani na wengine. Ninavyocheka kuna mtu alicheka hivyo kabla yangu. Nikianza kumwondoa kila aliyenipa kitu, sibaki na kiini safi cha kwangu, nabaki bila kitu cha kuandikia.

Na ule ubeti wa Assaji ulisema nini? Kwa ufupi: mambo yote yatokanayo na sababu, Buddha ameeleza sababu zake, na pia ukomo wake. Ndiyo yote. Fundisho lililomgeuza Sariputta lilikuwa fundisho juu ya sababu, na kila usiku alipoinamia upande wa Assaji alikuwa akilitenda, kwa kuwa miongoni mwa sababu za Sariputta, mmoja alikuwa Assaji.

Kukaa chini na kuhesabu

Mtu anafanyaje basi? Njia ni nyingi. Nchini Thailand wanafunzi hufanya ibada ya kuwaheshimu walimu kwa maua na mishumaa, na vijana wengi huingia utawa kwa muda mfupi kwa ajili ya mama zao. Huko Myanmar watu husujudia watano walio na fadhila zisizopimika: Buddha, mafundisho, jumuiya ya watawa, wazazi na walimu. Lakini njia ambayo kwangu imelichukua neno katanyu kwa uzito kuliko zote ni ya Kijapani, inaitwa Naikan, yaani kutazama ndani.

Aliyeiunda ni Yoshimoto Ishin, aliyeishi kati ya 1916 na 1988. Alikuwa muumini wa madhehebu ya Jodo Shinshu, yanayofuata mafundisho ya Shinran wa karne ya 13, ambayo kwayo kulitaja jina la Amida, Buddha mwingine ambaye waumini hao humtegemea, ni kushukuru kwa kilichokwisha kutolewa, wala si kuomba kipya. Ndani ya mazingira hayo kulikuwa na zoezi kali, mtu kujitenga bila chakula, bila maji, bila usingizi, akichunguza maisha yake kana kwamba anakufa leo. Yoshimoto alilipitia. Kisha akaondoa njaa na ukesha, akaondoa hata masharti ya dini, akabakiza uchunguzi peke yake ili mtu yeyote aufanye. Kuanzia miaka ya 1950 uliingia hadi katika magereza ya Japani.

Kwa utaratibu kamili mtu hukaa siku 7 katika pembe ya chumba nyuma ya pazia la kukunja, tangu alfajiri hadi usiku. Anaanza na mama, au yule aliyekuwa mahali pa mama. Anachukua miaka michache ya mwanzo ya maisha, kisha michache inayofuata, hivyo hivyo hadi leo, kisha anahamia kwa baba, ndugu, mwalimu, mwenzi, bosi. Kila baada ya saa moja au mbili msikilizaji huja, huinama, husikiliza alichokumbuka, hutoa shukrani, huondoka. Hashauri wala hahukumu.

Maswali ni matatu tu. Nilipokea nini kutoka kwake? Nilimpa nini? Nilimletea taabu gani? Swali la tatu ndilo hupewa muda mrefu zaidi, na ndilo linalouma.

Kinachotakiwa ni ukweli wenye umbo. "Alinipenda" haikubaliki, kwa kuwa hiyo ni hukumu yako. "Alishona kifungo cha shati langu usiku kabla ya mtihani" inakubaliwa. Ukijaribu nyumbani kwa nusu saa na karatasi, utaona jinsi akili inavyokimbilia maneno makubwa ili isikae na madogo. Irudishe kwenye kifungo.

Swali la nne halipo. Mtu huulizwa alipokea nini, alitoa nini, alisababisha taabu gani, lakini haulizwi aliletewa taabu gani. Wengi hulalamika hapo, nami nililalamika. Maelezo ya waalimu wa Naikan ni kwamba swali hilo hatuhitaji kufundishwa, tunalifanyia kazi kila siku bila kuombwa. Nilikubali baada ya kumfanyia zoezi kaka yangu mkubwa. Kabla ya kuketi, kumbukumbu yangu kuu juu yake ilikuwa kofi alilonipiga mbele ya rafiki zangu. Kofi hilo nililitunza vizuri kwa zaidi ya miaka 20, najua hata rangi ya shati alilovaa. Nilipofika kwenye miaka ya shule ya msingi ndipo likaja jambo lingine ambalo sikuwa nimeligusa kabisa: siku za mvua alikuwa akiyaweka madaftari yangu ndani ya shati lake, juu ya kifua, ili yasilowe. Yake aliyashika mkononi. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Kofi lilikuwa kweli. Madaftari pia yalikuwa kweli, tena masika baada ya masika, na mimi nilikuwa nimehifadhi tendo la dakika moja na kutupa la miaka.

Waliotuumiza

Hata hivyo, sitaki mtu aliyeumizwa vibaya, aliyepigwa au kudhalilishwa utotoni, asome haya akadhani anaambiwa amshukuru aliyemfanyia hivyo, au akae peke yake na swali la tatu kutafuta alimkosea nini mkosaji wake. Zoezi hili halifai kila jeraha, na jeraha lililo wazi linahitaji kwanza usalama na mtu wa kuliuguza.

Mapokeo yenyewe yana tahadhari hii. Buddhaghosa, mwanachuoni wa karne ya 5 aliyeandika Sri Lanka, anapoeleza tafakuri ya upendo anakataza kuanza na adui. Anza na nafsi yako, kisha mtu unayemheshimu, kama mwalimu, kisha rafiki mpendwa, kisha mtu asiyekuhusu, na adui awe wa mwisho. Katika Tibet kuna tafakuri inayojengwa juu ya kauli ya Buddha kwamba katika safari hii ndefu ya kuzaliwa na kufa ni vigumu kumpata kiumbe ambaye hajawahi kuwa mama yako. Tsongkhapa, aliyeishi 1357 hadi 1419, aliieleza hatua kwa hatua: tambua, kumbuka wema wake, taka kuulipa. Walimu wengi wa leo huwaambia wale ambao neno mama linawachoma waanze na yeyote aliyewatunza, hata akiwa jirani, hata akiwa bibi aliyewapokea kwa likizo moja.

Shantideva, mtawa wa India wa karne ya 8, alikwenda mbali zaidi: adui ni kama hazina iliyotokea nyumbani bila jasho, kwa kuwa bila yeye uvumilivu ungejifunzia wapi? Kauli hii inanukuliwa ovyo. Iliandikwa na mtawa akijisemea mwenyewe, juu ya hasira yake mwenyewe. Si kauli ya kumwambia mtu aliyepigwa. Na haisemi tendo la adui lilikuwa jema. Kwa kanuni ya karma, tendo baya linabaki la mtendaji, na matunda yake ni yake. Unachoweza kujua ni kile ulichokijenga wewe juu ya kifusi, na watu waliokushika mkono wakati wa kujenga. Mara nyingi fadhila ya kweli iko kwao, wala si kwa aliyebomoa.

Wale ambao hawapo tena

Baadhi ya majina yatakuja tukiwa tumechelewa, kama Buddha alivyochelewa kwa Alara. Kwa hao katavedi inabaki na njia zake. Kote Asia ya Mashariki kisa cha Maudgalyayana, mwenzake Sariputta, aliyemwokoa mama yake katika mateso ya njaa baada ya kifo, ndicho kilichozaa sikukuu ya mwezi wa saba wa kalenda ya mwandamo, ambamo watu hutoa sadaka kwa watawa na kuelekeza thawabu kwa wazazi waliokufa. Huko Vietnam, tangu maandishi ya mtawa Thich Nhat Hanh ya 1962, siku hiyo watu huvaa waridi kifuani: jekundu kwa aliye na mama, jeupe kwa aliyefiwa. Mtawa Nichiren wa Japani alipopata habari mwaka 1276 kwamba mwalimu wake wa utotoni, Dozen-bo, amefariki, aliandika waraka mrefu juu ya kulipa fadhila, akautuma ukasomwe kaburini. Dozen-bo hakuwahi kuwa na ujasiri wa kumfuata mwanafunzi wake katika mafundisho mapya. Nichiren alilijua hilo pia, akaandika.

Walio hai ni rahisi zaidi, na ndiyo maana tunawaahirisha. Nilimpigia kaka simu jioni ile ile. Sikumwambia nampenda wala nashukuru kwa yote, nilimweleza tu lile moja: mvua, shati, madaftari yangu kifuani na yake mkononi yakichuruzika. Akanyamaza kidogo.

"Madaftari?" akauliza.

Hakukumbuka hata kidogo.